Mwanga Unatoka Upande Gani?

Masomo: Kutoka 31:1–11, 1 Mambo ya Nyakati 28:11–19

Juma hili nawaomba tukae na mafundi wanaopaka rangi sanamu ndogo za michezo ya mezani. Uingereza kazi hii ina wapenzi wengi, na mjini Nottingham ndiko yaliko makao ya Games Workshop, kampuni inayotengeneza sanamu za Warhammer. Askari mmoja huwa na kimo cha milimita 28 hivi, na uso wake ni mdogo kuliko ukucha. Humo fundi anatakiwa aweke shavu, jicho, na jua la alasiri.

Jua hilo lazima aliweke yeye. Mtu akisimama juani, paji lake hutia kivuli machoni na kidevu hutia kivuli shingoni. Kitu kidogo namna ile hakipati kivuli cha kutosha, na ukikipaka rangi tupu, hata ziwe nzuri vipi, huonekana bapa. Basi fundi huchora mwanga na giza kwa brashi.

Siku hizi baadhi yao hupanga kwanza kwenye kompyuta. Sanamu hupuliziwa rangi nyeusi pande zote, kisha nyeupe kutoka juu tu, ili paonekane mahali mwanga unapotua. Hupigwa picha, na picha huingizwa kwenye programu kama Photoshop, au GIMP ambayo hupatikana bure. Juu ya picha fundi huweka tabaka jingine, akajaribu joho jekundu. Lisipompendeza hulifuta, akajaribu la buluu, na picha ya chini iko palepale. Huweza hata kuuhamisha mwanga: je, ukitoka kwenye mwenge ulio mkononi mwa askari? Hapo chini ya kidevu ndipo panapong'aa, na mgongo huzama gizani.

Kisha hufanya jambo linalonigusa kuliko yote. Huiondolea picha rangi zote, ibaki nyeusi, nyeupe na kijivu. Mara nyingi hapo ndipo anapogundua kwamba wekundu wa joho na ukijani wa ngao vimekuwa kijivu kilekile, na havitofautiani tena. Rangi zilikuwa zimemficha kwamba bado hajaamua mwanga unatoka upande gani.

Nasi twaanza na rangi. Kamati ya harusi huketi jioni nyingi kujadili sare, mapambo na ukumbi. Mungu aliyeagiza nyuzi za buluu, zambarau na nyekundu katika hema yake hachukii rangi. Lakini hebu ondoeni sare na mapambo, mtazame kinachobaki. Shangazi aliyeuza mbuzi ili achange, ameketi wapi? Maharusi wenyewe, nani amezungumza nao juu ya siku itakayofuata?

Sikubaliani na wanaodhani kwamba kupanga kwa makini ni upungufu wa imani. Daudi hakuruhusiwa kujenga hekalu. Alichoweza ni kumkabidhi mwanawe Sulemani mfano wa hekalu hilo: ukumbi, hazina, vyumba, hata uzito wa dhahabu ya kila chombo. Uzee wake aliutumia kuifikiria nyumba ambayo asingeingia kamwe. Naona upendo mkubwa hapo.

Hata hivyo, picha haipaki sanamu. Kwenye kioo cha kompyuta, mwanga mwekundu na wa kijani vikikutana huzaa manjano. Rangi za chupani zikichanganywa vivyo hivyo huzaa kahawia. Fundi aliyekomaa huiweka picha kando yake, akaitazama, kisha akaisikiliza rangi iliyo kwenye brashi. Ndivyo ilivyokuwa kwa hema ya Mungu: Musa alionyeshwa mfano wake mlimani. Bezaleli na Oholiabu, mafundi walioijenga, hawakuuona. Walibaki chini na dhahabu, mbao na nyuzi, na huko huko chini Bezaleli akajazwa Roho wa Mungu kwa ajili ya kazi ya mikono.

Katika sala za juma hili, tuwataje mafundi wetu kwa majina: washonaji, maseremala, wachora mabango, na vijana wanaokesha mbele ya kompyuta wakitafuta kivuli kikae mahali pake. Wengi wao huwa tunawakumbuka siku ya harambee tu.