Nani Anapumzika Tunapopumzika?



Mwezi wa Juni mwaka huu, shule zilipofungwa, mwanangu alituchukua sote tukaenda kisiwani Mafia kwa muda wa siku sita. Tulikuwa watu wanane: mimi na mzee wangu, mwanangu na mkewe, wajukuu watatu, na binti anayewasaidia kazi za nyumbani. Huyo sote twamwita Dada, hata mimi niliyemzidi miaka arobaini na zaidi. Katika miaka yangu yote ya ualimu sikuwahi kwenda likizo ya namna hiyo. Kwetu likizo ilikuwa kwenda kijijini kulima au kuuguza, na mtu alirudi shuleni amechoka kuliko alivyoondoka. Kwa hiyo niliondoka na wasiwasi moyoni, nikijiuliza kama ni halali Mkristo kutumia fedha kwenda kutazama bahari, na huku nyuma wapo ndugu wasio na bati juu ya nyumba. Nilikwenda na swali hilo, lakini nilirudi na jingine, na hilo la pili ndilo limenifanya nishike kalamu.

Tulipanda boti Nyamisati, pwani ya Rufiji. Juni ni wakati wa kusi, na bahari haikuwa na adabu. Mzee wangu, ambaye hupenda kusimulia jinsi alivyosafiri ujanani, hakusimulia neno mpaka tulipofika Kilindoni. Kutoka hapo tulivuka kisiwa kwa gari hadi Utende, upande wa mashariki, na huko mwanangu alikuwa amepanga nyumba ndogo yenye jiko, maana bei za hoteli za pale si zetu. Nadhani hapo ndipo kosa lilipoingia. Nyumba yenye jiko hutaka mpishi.

Siwezi kusema kwamba sikufurahi. Bahari ya huko ni Hifadhi ya Bahari tangu mwaka 1995, ya kwanza kuanzishwa katika Tanzania, na maji ya ghuba ya Chole ni safi hata wajukuu waliweza kuhesabu samaki wakiwa wamesimama. Tulivuka hadi kisiwa cha Chole, ambacho Wajerumani walikifanya makao yao ya utawala. Magofu yao sasa yameshikwa na mizizi ya miti. Juu ya miti mikubwa ya kisiwa hicho hulala popo wala matunda, wakubwa ajabu, wamening'inia mchana kutwa kama nguo zilizosahauliwa kwenye kamba. Jioni huondoka wote pamoja kutafuta chakula. Papa potwe, yule samaki mkubwa kupita wote, hatukumwona, kwa kuwa yeye huonekana zaidi kuanzia Oktoba hadi Februari au Machi.

Siku ya nne tulikwenda Juani kutazama kasa wakianguliwa. Ilitupasa kushuka mashuani, kisha kutembea kwa miguu hadi ufuo wa upande wa pili. Kasa jike hupanda pwani usiku, huchimba shimo na kutaga mayai mia moja na zaidi, huyafukia, kisha hurudi baharini. Mayai hukaa mchangani kadiri ya miezi miwili. Watu wa kisiwa chenyewe ndio wanaovilinda viota, na zamani watu walizoea kuyala mayai hayo pamoja na nyama ya kasa. Mlinzi alifukua mchanga polepole kwa mikono, wakatokea watoto wa kasa, weusi, kila mmoja akitosha kiganja, wakaanza kujikokota kuelekea maji. Mjukuu wangu wa miaka minane alitaka kumbeba mmoja aliyekuwa akipinduka. Mlinzi akamzuia kwa upole, akamwambia, "Mwache, njia hii ni yake." Tulisimama kimya mpaka wa mwisho alipochukuliwa na wimbi.

Katika kimya hicho mtoto yule akanivuta kanga. "Bibi, mbona Dada hajaja kuona?"

Nikamwambia Dada amebaki anapika.

"Kwani yeye hayuko likizo?"

Katika chuo cha ualimu tulifundishwa kwamba swali la mtoto lisilojibika lisipuuzwe, mwalimu aseme, "Nitalitafutia jibu." Ndivyo nilivyosema. Tuliporudi nyumbani nilimkuta Dada amekwisha kupaa samaki, amekuna nazi, na nguo za watu wanane ziko kwenye kamba. Nikamwuliza, "Mwanangu, bahari umeiona?" Akajibu kwa heshima, "Nimeiona, Bibi. Asubuhi, nilipokuwa naanika."

Usiku ule nilifungua Biblia. Kuhusu swali langu la kwanza nilipata faraja upesi. Katika Marko sura ya sita, Bwana wetu mwenyewe anawaita mitume waende kando, mahali pasipo watu, wapumzike kidogo, kwa kuwa hawakuwa na nafasi hata ya kula. Basi kupumzika si dhambi. (Ingawa likizo yao haikufika mbali. Makutano waliwatangulia, na jioni wakajikuta wakiwagawia chakula wanaume elfu tano.)

Lakini Amri ya Nne ilinikamata. Sisi huikumbuka kwa jambo la kuja kanisani, tukasahau ile orodha iliyo ndani yake: wewe, mwanao, binti yako, mtumwa wako, mjakazi wako, wanyama wako, na mgeni aliye kwako. Amri hii imeandikwa mara mbili, na sababu zake si moja. Katika Kutoka sura ya 20 sababu ni kwamba Mungu mwenyewe alistarehe baada ya kuumba. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 5 sababu ni kwamba ninyi mlikuwa watumwa Misri, na imeongezwa pale kwamba mtumwa na mjakazi wapumzike kama wewe. Tazama neno hilo "kama wewe". Hakusema apumzike akimaliza vyombo.

Mwanangu nilipomweleza hakukubali, na hoja zake si za kudharau. Alisema, "Mama, Dada tunamlipa mshahara, na nauli na chakula tumemgharimia. Ni wasichana wangapi wameletwa Mafia? Na nahodha je? Naye alifanya kazi sisi tukistarehe. Tungesema kila mtu apumzike, nani angetuvusha?" Ni kweli. Hata makuhani, Bwana alisema, hufanya kazi hekaluni siku ya sabato wala hawana hatia. Padre wetu naye Jumapili ndiyo siku yake ya kuchoka.

Nikamkumbusha habari za Ijumaa. Siku ile tulitaka kutoka na mashua mchana, nahodha akasema hapana, anakwenda msikitini kwanza. Tulikaa pwani tukamngoja, na hakuna aliyenung'unika, kwa kuwa saa ile haikuwa yetu. Padre naye ana Jumatatu yake, na anayempigia simu Jumatatu hujua amekosea. Kupumzika, nadhani, ndiko huko: mtu kuwa na wakati ambao aweza kusema "sasa hapana", wala asiulizwe kwa nini. Mtumwa wa Misri alikosa wakati huo. Pengine hakupigwa kila siku, na pengine alishiba, maana Waisraeli wenyewe walipofika jangwani walivilalamikia vyakula vya Misri. Lakini hakuwa na saa hata moja iliyo yake. Na Dada katika siku zile sita, kwa wema wetu wote, hakuwa nayo.

Lililonichoma zaidi nililijua tuliporudi Dar es Salaam, na mwanangu ameniruhusu kuliandika. Katika daftari lake siku zile sita zilikuwa zimekatwa katika likizo ya Dada ya mwaka. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 humpa mfanyakazi siku 28 za likizo yenye malipo kwa mwaka, na mapumziko ya saa 24 mfululizo kila juma, na msaidizi wa nyumbani naye ni mfanyakazi. Mwanangu si mtu mbaya. Aliona tu kwamba aliyefika mahali pa likizo amekwenda likizo. Nami nilikula wali ule wa nazi siku sita bila kuuliza, kwa hiyo siwezi kumhukumu.

Lipo jambo moja katika orodha ile ambalo nililiona nikiwa darasani zamani, na sijapata mtu wa kunieleza. Mwana yumo, binti yumo, mjakazi yumo, hata punda. Mke hatajwi. Wako wanaosema amehesabiwa ndani ya neno "wewe", na huenda ni hivyo. Lakini mimi huwaza kwamba mke alisahauliwa kwa sababu ile ile iliyomwacha Dada jikoni: chakula kilikuwa tayari, na hakuna aliyetazama kimetoka wapi.

Zile siku sita mwanangu amezirudisha. Mwezi wa Desemba, Mungu akipenda, Dada atakwenda kwao Handeni kwa siku zake zote 28. Mkwe wangu ameniuliza nani atakaa na watoto, nikamwambia nitakuja mimi. Mzee wangu, aliyekuwa akisoma gazeti, akauliza na yeye atakula wapi. Hilo bado sijalijibu.