Je, Mgonjwa ni Mnunuzi?



Jumapili moja baada ya ibada tulimkuta mama mmoja wa mtaa wetu ameketi chini ya mwembe, mguu wake umefungwa kitambaa. Alikuwa amejikata kwa jembe majuma matatu nyuma. Tulipomwuliza kwa nini hakwenda hospitali, alijibu kwa upole kwamba alikuwa akingoja mahindi yauzwe kwanza. Lakini kidonda hakikungoja mahindi. Tulichanga papo hapo, akapelekwa, akapona. Ila kidole kimoja kilikatwa. Tangu siku ile twajiuliza: mama yule alikuwa mnunuzi aliyepungukiwa fedha, au alikuwa jirani mwenye haja?

Swali hili lina mabishano makubwa huko Marekani. Wako wataalamu wasemao kwamba dawa ya gharama kubwa za matibabu ni soko huria. Hoja yao ni hii: mtu anayelipiwa na mwingine haulizi bei, na muuzaji asiyeulizwa bei hana haja ya kuipunguza. Mwachie mgonjwa fedha yake mkononi, naye atachagua kwa uangalifu, na madaktari watashindana kumhudumia vizuri. Kwa fikra hiyo, mwaka 2003 nchi ile ilitunga sheria ya akaunti za akiba ya matibabu zisizotozwa kodi, zikienda pamoja na bima ambayo huanza kulipa baada ya mgonjwa kutoa kwanza kiasi kikubwa mwenyewe. Akiba haiozi, hata wahenga wetu walisema.

Fikra za jamii hiyo zilifika na huku kwetu. Mwaka 1977 Tanzania ilipiga marufuku hospitali za watu binafsi za kutafuta faida. Mwaka 1991 zikaruhusiwa tena, na mwaka 1993 ukaanza utaratibu wa wananchi kuchangia gharama katika hospitali za serikali.

Tusiwadharau wenye hoja hii. Bure ya zamani twaikumbuka. Mara nyingi ilikuwa bure ya rafu tupu: mgonjwa aliandikiwa karatasi akanunue dawa dukani, na mwenye kujuana na mtu alipita mlango wa nyuma. Tena yako mambo ya tiba ambayo soko huyaweza. Mtu atakaye miwani hupima macho, huuliza bei hapa na pale, hurudi nyumbani kufikiri, na juma lijalo hununua.

Lakini tuangalie vema mnunuzi wa miwani ana nini. Anajua anachotaka, anaweza kungoja, na anaweza kuondoka bila kununua. Mama aliyeshikwa na uchungu usiku wa manane, mtoto amekaa vibaya tumboni, hana hata kimoja cha hivyo vitatu. Mchumi wa Marekani, Kenneth Arrow, aliliandika jambo hili mwaka 1963: ugonjwa huja bila taarifa, na mgonjwa hajui anachokinunua, anayemwambia anahitaji nini ni yule yule anayemwuzia.

Kisha jambo likapimwa. Kati ya miaka ya 1970 na 1980 taasisi ya RAND ya Marekani ilizipa familia kadhaa matibabu ya bure, na nyingine zikalipa sehemu ya gharama. Waliolipa walitibiwa mara chache zaidi. Hapo wenye soko walisema kweli, na wengi wa watu hao hawakudhurika. Lakini waliacha matibabu ya lazima sawasawa na yale yasiyo ya lazima. Na maskini wenye shinikizo la damu walipata nafuu zaidi walipotibiwa bure. Bei ilipunguza safari za hospitali, bali haikumfundisha mtu aache safari ipi. Jirani zetu wa Uganda walipoondoa ada katika vituo vya serikali mwezi Machi 2001, wagonjwa waliongezeka, hasa maskini. Je, watu hao walikuwa wapi kabla ya hapo? Twaogopa kwamba walikuwa nyumbani, wakingoja mahindi.

Mtu atatujibu kwamba upo msamaha kwa asiye na uwezo. Ni kweli, nao ni jambo jema. Lakini maskini hana budi kusimama dirishani na kuuthibitisha umaskini wake mbele ya majirani. Mficha maradhi kifo humuumbua. Nasi tunawafundisha maskini kuyaficha.

Je, basi tunadai kila kitu kiwe bure? Hasha. Hata Msamaria mwema alimlipa mwenye nyumba ya wageni dinari mbili, akaahidi kurudi na nyingine zikihitajika. Matunzo yana gharama, na mwenye kuyatoa astahili ujira wake. Lakini aliyelipa ni yule mzima aliyekuwa nazo. Wala yule aliyelala njiani na majeraha hakuambiwa alinganishe bei za nyumba za wageni.

Kwa hiyo swali lenyewe ni nani alipe, na lini. Sisi twaamini kwamba yatupasa kulipa tungali wazima, na kulipa pamoja. Igunga walianza mfuko wa afya ya jamii mwaka 1996, na mwaka 2023 Bunge letu lilipitisha sheria ya bima ya afya kwa wote. Sheria ni mwanzo tu. Na kutoka kwa watu wa soko tuchukue lililo jema: bei zibandikwe ukutani, dawa iwepo, na mgonjwa akilalamika asikilizwe.

Kulipa pamoja si jambo geni kwetu. Akifa mtu mtaani, daftari la mchango hupita nyumba kwa nyumba kabla jua halijatua. Hakuna amwulizaye marehemu kama alikuwa na uwezo wa kununua sanda, wala familia yake haipangi foleni kuthibitisha umaskini. Tunatoa, kwa sababu ni mwenzetu. Yatupasa kujiuliza, ndugu zetu, kwa nini daftari hilo lingoje mpaka mtu afe.