Umbali, Muda na Sala ya Msafiri

Msafiri Mwislamu ameruhusiwa kuzifupisha sala za rakaa nne ziwe mbili na, ikiwa ni Ramadhani, kula na kuilipa siku hiyo baadaye. Lakini usafiri hupimwa kwa nini: umbali, muda, au taabu?

Katika madhehebu ya Shafi, yanayofuatwa na Waislamu wengi wa Afrika Mashariki, kipimo ni umbali wa marhala mbili, ambao wanazuoni wa leo huukadiria kati ya kilomita 80 na 90. Imam Nawawi, aliyefariki mwaka 1277, aliandika kwamba hata anayeumaliza umbali huo baharini kwa saa moja atafupisha. Hukumu hiyo sasa inamfaa abiria wa ndege ya Nairobi hadi Mombasa, anayeruka zaidi ya kilomita 400 kwa muda usiofika saa moja, tena ameketi starehe.

Kibarua wa Nairobi anayerudi mtaani Kawangware 56 hali yake ni nyingine. Anapanda matatu mjini saa kumi na mbili jioni. Mvua inanyesha, magari yanakwama Naivasha Road, na anashuka stejini saa mbili usiku. Jua la Nairobi huzama karibu saa kumi na mbili na nusu, na Magharibi haidumu sana kupita saa moja baada ya hapo. Imempita akiwa garini, na kisheria yeye si msafiri: safari yake haifiki hata kilomita 20. Angekuwa msafiri, angeruhusiwa kuichelewesha aiswali pamoja na Isha.

Wanazuoni wa usuli, yaani misingi ya sheria, hujibu kwamba hukumu hufuata sababu inayopimika. Taabu ndiyo hekima ya ruhusa, lakini taabu haina mizani. Kinachomlemea mmoja mwingine hakimshtui. Hoja hiyo ni nzito, ila haimalizi jambo. Sahaba Ibn Abbas amepokea kwamba Mtume alikusanya sala akiwa Madina, pasipo hofu wala safari, ili asiutie umma wake katika dhiki. Kwa hadithi hiyo baadhi ya wanazuoni wameruhusu kukusanya kwa haja, mradi isiwe mazoea. Kauli hii ndiyo iliyo karibu zaidi na uadilifu kwa kibarua yule, ingawa sharti lake ni gumu, kwa kuwa msongamano wenyewe ni wa kila siku. Siku za kawaida hana budi kutafuta msikiti njiani, hata kama atalipa nauli mara mbili.

Safari za mbali zaidi huzua swali la saa. Ndege ya moja kwa moja ya Nairobi hadi New York, iliyoanza Oktoba 2018, huruka karibu kilomita 11,800 kwa takriban saa 15, na saa za huko ziko nyuma kwa saba au nane. Anayefunga akiruka mchana kuelekea magharibi huona siku ikirefuka. Akishindwa, ana ruhusa ya msafiri. Akiendelea kufunga, fatwa nyingi za leo humtaka asubiri hadi jua analoliona dirishani lizame, hata kama katika mji ulio chini yake watu wamekwisha kufuturu.