Usukani Unapocheza



Pikipiki ya parokia niliyokuwa nikiendea vigangoni ilikuwa inayumba. Nikalaumu barabara, nikalaumu upepo, mwisho nikazoea: nikitaka kukata kona, naukunja usukani zaidi kidogo, basi. Siku moja fundi akalibana tairi la mbele kwa magoti, akausukuma usukani. Usukani ukaenda, tairi limetulia! "Frateri, bushi zimeisha." Akazitoa: raba zimepasuka, zimelika kama ndala kuukuu.

Hapo nikaguswa. Miezi minne nilikuwa sijaungama. Uongo wangu mdogo mdogo nao nilishauzoea, yaani hauniumi tena. Dhambi hailegezi dhamiri kwa siku moja. Inaila polepole, na sisi tunajifunza kuendesha hivyo hivyo. Mtume Yakobo (3:4), akiuzungumzia ulimi, anatukumbusha kuwa merikebu kubwa hugeuzwa na usukani mdogo. Je, usukani wenyewe ukicheza?

Fundi akafunga bushi ngumu kuliko za mwanzo, akanionya: "Sasa mikono itasikia mashimo yote." Kweli, niliyasikia. Lakini nilipokunja usukani, tairi lilitii.

Kijana mwenzangu, ukitoka kuungama ukaona jambo dogo linakuchoma kuliko zamani, usifikiri umeharibika. Dhamiri imepona, inaisikia barabara. Leo usiku jichunguze japo dakika 5, kisha mtafute padre. Usisubiri kona kali.

Tafakari njema!