Kauli ya Mkunga

Masumbwe ni mji wa njiani. Malori yatokayo Dar es Salaam kwenda Rwanda huupitia baada ya Kahama, na pembezoni mwake wanaishi wachimbaji wadogo wa dhahabu, wakulima, Wasumbwa wenye nchi na Wasukuma waliohamia na ng'ombe wao. Hadi mwaka 2012 mji huo ulikuwa katika Wilaya ya Bukombe, mkoani Shinyanga. Ndipo ilipozaliwa Wilaya ya Mbogwe katika mkoa mpya wa Geita. Kwa msomaji wa visiwani, huko ni bara hasa. Hata hivyo lipo swali la maadili ambalo huko limeulizwa kwa ukali kuliko penginepo, na mahali pake pa kwanza ni chumba cha kujifungulia.

Na afikiriwe mama aliyejifungua usiku. Yeye ni mweusi, mumewe ni mweusi, wazazi wao wote wanne ni weusi. Mtoto katoka na ngozi nyeupe na nywele za rangi ya majani makavu. Nje ya mlango amekaa mama mkwe, anangoja kuambiwa kama ni wa kike au wa kiume. Mkunga anazo dakika chache za kusema neno, na neno hilo, au ukimya wake, litakwenda nyumbani pamoja na mtoto.

Sayansi yenyewe si ngumu. Kila mtu hubeba nakala mbili za kila jeni, moja kutoka kwa baba na moja kutoka kwa mama. Mwenye nakala moja yenye hitilafu ya ualbino haonyeshi dalili yoyote, na nakala hiyo huweza kushuka vizazi na vizazi pasipo mtu kuijua. Wakikutana wawili wa namna hiyo, kila mimba ina uwezekano wa 1 kati ya 4 wa kuzaliwa mtoto mwenye ualbino. Mtawa Gregor Mendel aliichapisha hesabu hii mwaka 1866, akiitoa kwenye njegere za bustanini mwake. Tanzania hukadiriwa kuwa na mtu 1 mwenye ualbino katika kila watu 1,400 hivi. Ukiifuata hesabu ya Mendel hadi mwisho, karibu mtu 1 kati ya 20 anabeba nakala hiyo kimyakimya. Yaani katika kila daladala iliyojaa yumo mmoja, naye hajijui.

Kutojua huko kuna bei yake, na waliolipa si waliokosea. Miaka ile ya 2006 hadi 2009, watu wenye ualbino waliuawa Kanda ya Ziwa kwa sababu ya waganga walionadi viungo vyao kuwa ni dawa ya utajiri, ya kuvuta samaki wavuni na dhahabu kutoka ardhini. Mtaani wakaitwa "dili". Septemba 2009 Mahakama Kuu, ikiketi Kahama, iliwahukumu kifo watu 3 kwa kumuua mvulana wa miaka 14 wa Wilaya ya Bukombe, wilaya ileile iliyokuwa na Masumbwe ndani yake. Ilikuwa hukumu ya kwanza ya aina hiyo nchini. Haitakuwa haki kusema kwamba somo la jeni lingewazuia wauaji. Tamaa haihitaji ujinga ili ifanye kazi. Lakini kabla ya panga kulikuwa na kauli: kwamba huyu si mtu kama sisi, kwamba ni mzimu, kwamba mama yake alitoka nje. Kauli hizo huanzia kwenye kitanda cha uzazi, na pale ndipo mkunga alipo.

Lugha nayo ina mtego. Neno vinasaba, ambalo Kiswahili kimelikubali kwa ajili ya elimu hii, limetokana na nasaba. Mtu wa pwani anajua nasaba huhesabiwaje: fulani bin fulani bin fulani, mkondo wa baba, fahari ya baba. Linapokuja jema, nasaba ni ya mwanamume. Linapokuja la kuulizwa, hutafutwa tumbo la mwanamke. Vinasaba havina desturi hiyo. Nusu kwa nusu, pasi na upendeleo, na mkunga anayelitamka neno hilo bila kulifafanua huwa amesema kweli kwa sauti ya uongo.

Basi aseme nini? Wapo wanaoona inatosha kusema ni mpango wa Mungu. Hapana muumini atakayelikanusha hilo; ila halijibu swali analoliuliza mama mkwe, ambalo ni la duniani: huyu ametoka kwa nani? Wengine hufundishwa kusema, "Mmechangia wote wawili." Hii ni bora, nayo imeokoa ndoa. Lakini isikilizwe vizuri: yaweza kusikika kama lawama iliyogawanywa mafungu mawili, ilhali lawama haikuwapo hata fungu moja. Hakuna aliyechagua. Kilichopita pale ni kura, na kura haina kumbukumbu. Hilo wachimbaji wanalielewa upesi: duara lililokosa mawe jana halilipi deni kwa duara la leo. Vivyo hivyo, mtoto wa kwanza kuwa na ualbino hakumwongezei wala hakumpunguzii wa pili kitu.

Hapo hesabu inaisha na maadili yanaanza, kwani hesabu hiyohiyo ni ya selimundu. Vipimo vya damu ya watoto 17,200 wa mikoa ya kaskazini-magharibi, vilivyotangazwa mwaka 2020, vilionyesha kuwa asilimia 20.3 wanabeba nakala moja ya selimundu na asilimia 1.2 wanao ugonjwa wenyewe. Pwani haiko mbali na Ziwa katika jambo hili. Anthony Allison, aliyekulia Kenya, alionyesha mwaka 1954 kwamba nakala moja humkinga mtoto na malaria kali, ndiyo maana imekithiri palipo na mbu. Lakini mwenye nakala mbili huugua: mikono na miguu huvimba, maumivu humlaza, na wengi wasiotibiwa hufa kabla ya miaka 5.

Mkunga anayewaambia wazazi "1 kati ya 4" kwa sauti moja katika hali zote mbili, ya kusikitika na ya kuonya, amefundisha jambo asilokusudia. Selimundu humuumiza mtoto hata akiwa peke yake na mamaye. Mwenye ualbino ana jua la kujikinga na macho ya kusaidiwa. Yaliyobaki, na ndiyo mazito zaidi, hutoka kwa watu. Katika selimundu ile namba yaweza kuwa tahadhari. Katika ualbino ni habari tu, na kuifanya tahadhari ni kumwambia mtoto aliyepo kwamba heri asingekuwapo.

Elimu kubwa pekee haimponyi mtu na kosa hili. Linus Pauling, ambaye mwaka 1949 yeye na wenzake waligundua kuwa selimundu ni kasoro ya molekuli ya damu, aliandika mwaka 1968 kwamba vijana wenye kubeba nakala hiyo wachanjwe alama kwenye paji la uso ili wajuane wasipendane. Mshindi wa tuzo 2 za Nobel! Alikuwa na hesabu yote, na alichokosa ni kile ambacho mkunga hukipata kwa kumshika mtoto mikononi.

Lipo pia la siri. Wazazi wakipimwa selimundu, majibu huweza kuonyesha baba habebi chochote, na mkunga akabaki na jambo ambalo hakuuliza mtu. Asidanganye; lakini dawa ya mtoto haihitaji damu ya baba. Waelezwe kabla ya kupimwa, kila mmoja apewe majibu yake peke yake, na asiyetaka kupimwa aachwe.

Mama mkwe bado yuko nje. Mkunga anayejua kazi yake atatoka na mtoto mkononi, amwambie kwanza ni wa kike au wa kiume, kama alivyongoja kuambiwa, kisha aketi naye. Ya kofia, ya nguo za mikono mirefu, ya mafuta ya kuzuia jua na ya kukaa karibu na ubao shuleni yana siku yake. Swali la bibi litakuwa lilelile, na jibu lake ni kumwonyesha masikio ya mtoto, au vidole, au popote pale anapofanana na baba yake.