Ramadhani 18: Madeni Yako Anayajua Nani?



Ndugu zangu katika imani, Alhamdulillah tumefika kumi na nane. Kesho kutwa jua likizama tunaingia kumi la mwisho. Leo tuzungumze jambo ambalo majumbani kwetu halizungumzwi. Wengine likitajwa tu wanaaga.

Kila anayehudhuria mazishi analijua lile tangazo. Jeneza liko mbele, safu zimenyooka, mmoja wa wanafamilia anasimama: "Jamani, kama kuna mtu anamdai marehemu, atuone. Na kama kuna anayedaiwa naye, pia atuone." Halafu inasaliwa, tunakwenda makaburini.

Hebu jiulize: huyo ndugu anayetangaza, anajua nini? Mara nyingi hajui chochote. Anayejua nani anadai, nani anadaiwa, na ile pesa ya watu iko wapi, ni yule aliyelala kwenye jeneza. Na yeye hasemi tena.

Tangazo hilo usilione dogo. Mtume wetu ﷺ, katika siku za mwanzo hali ilipokuwa ngumu, alikuwa akiletewa jeneza anauliza kwanza kama maiti ana deni. Aliletewa mtu mwenye deni asiyeacha cha kulilipia, akawaambia Maswahaba wamsalie wao. Ndipo Abu Qatada, Allah amridhie, akalibeba deni lile, na Mtume akasali. Na imepokewa kwake kwamba nafsi ya muumini hubaki imefungika kwa deni lake mpaka lilipwe.

Sasa litalipwaje deni ambalo hakuna anayelijua?

*Tunaogopa nini?*

Tukiulizwa kwa nini hatusemi, sababu ni zilezile. Mume anasema, mke akijua nina hela hatutalala. Mke anasema, mume akijua pesa zangu za kikoba atazikopa. Mzee anasema, watoto wakijua nina nini wataanza kuomba nife. Mtoto naye anasema, nikimuuliza baba habari za shamba ataniona nina tamaa. Na wote kwa pamoja tunasema: aah, kuongea wasia ni uchuro, unajichuria kifo.

Ndugu yangu, kifo hakiji kwa kutajwa. Kingekuwa kinakuja kwa kutajwa, maimamu wote wangekuwa wameshakwisha, maana wanakitaja kila Ijumaa. Mtume ﷺ ametufundisha kwamba Muislamu mwenye kitu cha kuusia haifai zipite nyusiku mbili ila wasia wake uwe umeandikwa, uko kwake. Nyusiku mbili! Na Ibn Umar, aliyelipokea neno hilo, alisema tangu alisikie haukumpita usiku bila wasia wake kuwa naye. Sisi tumepitisha Ramadhani ngapi?

*Baba aliyemwita mwanawe*

Zubayr bin Al-Awwam ni katika wale kumi waliobashiriwa Pepo. Siku ya vita vya Jamal, mwaka wa 36 Hijria, alihisi kwamba siku hiyo atauawa. Akamwita mwanawe Abdullah. Hakumwambia habari za vita. Alimwambia kwamba jambo linalomtia wasiwasi zaidi ni deni lake. Akamwagiza auze mali, alipe deni, na theluthi ya kitakachobaki akaiusia. Akaongeza: ukishindwa, muombe msaada Mola wangu. Kijana hakuelewa, akauliza ni nani huyo. Baba akajibu: Allah.

Deni lilipohesabiwa lilikuwa 2,200,000. Alilipataje mtu mwema kama yule? Watu walikuwa wakimletea pesa awawekee amana, naye anakataa. Anasema bora iwe mkopo, maana amana ikipotea mwenyewe anaweza kupata hasara, lakini mkopo lazima nilipe. Deni lile lilitokana na uaminifu, wala si anasa. Na hakuacha dinari wala dirhamu mkononi. Aliacha ardhi, na nyumba 11 Madina, 2 Basra, 1 Kufa na 1 Misri.

Fikiria kama angekaa kimya. Watoto wangekuta nyumba na mashamba, wangegawana, na wenye pesa zao wangebaki wanalia. Lakini kwa kuwa baba alisema, mwana aliuza, akalipa. Hata ndugu zake walipomwambia tugawie sasa, alikataa mpaka atangaze kwenye misimu 4 ya Hijja, yeyote aliyekuwa anamdai Zubayr aje. Baada ya hapo ndipo akagawa.

Hiyo ndiyo faida ya mazungumzo ya mara moja baina ya baba na mwana.

*Mama aliyesema*

Na kwa wale wanaosema mwanamke akiuliza habari za mali hana adabu: Saad bin Rabii alikufa shahidi Uhud, akaacha mke na mabinti wawili. Ndugu wa marehemu akachukua mali yote, kama ilivyokuwa desturi yao. Mjane hakukaa ndani kulia. Alikwenda kwa Mtume ﷺ na mabinti zake, akasema: baba yao ameuawa akiwa na wewe, ami yao amechukua mali yao, na wataolewaje hawa bila mali?

Mtume hakumkemea. Alimwambia Allah ataamua. Zikateremka aya za mirathi katika Suratun-Nisaa, na Mtume akamwita yule ami akamwamuru: mabinti theluthi mbili, mama yao thumni, kinachobaki chako. Kwa hesabu ya mafungu 24, mabinti 16, mama 3, ami 5. Aliyetaka vyote akapata 5.

Yule mama aliongea habari za pesa, na jibu lake likatoka mbinguni. Sasa nani anatuambia mambo haya ni aibu?

*Kipi chako cha kusema?*

Kuna anayedhani wasia ni kukaa na kugawa: nyumba ya Juma, shamba la Asha. Hapana. Mafungu ya warithi ameshayapanga Allah, na mrithi hausiwi juu ya fungu lake ila warithi wenzake waridhie. Kazi yako ni kusema yale ambayo wewe peke yako unayajua. Maana utaratibu ni huu: gharama za mazishi, kisha madeni, kisha wasia usiozidi theluthi, na mwisho ndiyo mirathi. Ukificha hatua ya pili, ya nne yote inaharibika, na watoto wako wanakula haki ya mtu bila kujua.

Basi leo baada ya tarawehe chukua daftari, andika:

*1. Ninachodaiwa.* Dukani, kikoba, benki, mkopo wa kwenye simu, ujira wa fundi. Na mume mwenzangu, usisahau mahari. Kama hukumaliza kuitoa na mkeo hajakusamehe kwa ridhaa yake, hilo ni deni, linatolewa kabla ya kugawa. Pia Zaka uliyoichelewesha, na Hijja iliyokuwajibikia ukaiahirisha.

*2. Ninachodai.* Nani, kiasi gani, nani anajua.

*3. Amana za watu.* Pesa ya msikiti, ya kikundi, kiwanja cha ndugu aliyeko safarini ambacho kimeandikwa jina lako. Hivi visipoandikwa vitagawanywa kama vyako.

*4. Vilivyochanganyika.* Hapa ndipo familia nyingi zinavunjika. Nyumba mmejenga wawili: wewe kiwanja na matofali, mama watoto bati na saruji kutoka kwenye mchezo wake. Hati ina jina lako peke yako. Ukifa, thumni ndilo fungu lake la mirathi, lakini mchango wake si mirathi, ni mali yake, unatengwa kwanza. Nani atalithibitisha hilo kama hukulisema? Na yule kijana aliyekaa dukani kwako miaka 10 bila mshahara, ni mshirika, ni mfanyakazi, au alikuwa anasaidia tu? Wewe unajua. Ndugu zake hawajui, na watakuja kugombana juu ya kaburi lako.

*5. Theluthi.* Waangalie wasiorithi: mjukuu ambaye baba yake alitangulia na ana baba zake wadogo hai, mtoto uliyemlea, mzazi wako asiye Muislamu. Mlango wao ni wasia huu. Usisubiri wengine wawaonee huruma.

Sema pia wazi kwamba unataka mirathi yako igawanywe kwa sharia ya Kiislamu, kwa sababu Tanzania kuna zaidi ya sheria moja ya mirathi, na ugomvi wa kutumia ipi huanzia hapo. Weka mashahidi wawili waadilifu. Namba za siri usiziandike, andika tu pesa iko wapi. Nakala unaweza kuihifadhi RITA, na kabla hujasaini mpitie sheikh anayeijua mirathi.

Halafu daftari lisifungiwe kabatini. Mwambie mtu. Mkeo, mumeo, mwanao mkubwa, ndugu unayemwamini. Si lazima ajue kiasi cha kila kitu leo. Lazima ajue daftari lipo, na liko wapi.

Na wewe kijana unayeogopa kumuuliza mzee, usianzie kwenye mali, anzia kwenye deni. Mwambie: "Baba, siku Allah akikuchukua sitaki mtu akusimamie mbele yake akidai. Nielekeze unachodaiwa nikusaidie kulipa." Mzee akisikia hivyo hataona mtoto anayemngojea afe. Ataona mtoto anayetaka kumfungua.

Aya ndefu kuliko zote katika Qur'ani haizungumzii Swala wala Saumu. Inazungumzia kuandika deni. Mwezi huu tunaisoma Qur'ani mpaka tunahitimu. Tukiifikia aya ya 282 ya Suratul-Baqara, tusiipite kwa ulimi tu.

Ewe Allah, tulipie madeni yetu tungali hai, wasamehe wazee wetu waliotangulia na madeni tusiyoyajua, utupe ulimi wa kusema haki ndani ya nyumba zetu, na utukinge na kula mali ya yatima. Aamin.

Kazi ya leo: kurasa mbili za daftari na mtu mmoja wa kumwambia. Mtumie na ndugu mwingine darsa hii.

Ramadhani Mubarak. Tukutane kesho in shaa Allah.