Bata Bukini na Njia ya Wazee Wao

 

Kila mwaka, baridi inapoanza kulegea katika miezi ya Februari na Machi, familia za Waislamu wa Afrika Mashariki zinazoishi Louisville, Columbus na Buffalo huona juu ya mapaa yao jambo ambalo wengi hulipita bila ya kulizingatia. Makundi makubwa ya bata bukini, wenye shingo nyeusi na mashavu meupe, hupita kwa kelele yakielekea kaskazini, yamejipanga kwa umbo la kabari. (Hata jina lao la Kiswahili lina safari ndani yake, kwani Bukini ni jina la kale la Madagaska katika ndimi za watu wa pwani.)

Miji hiyo mitatu imekaa mithili ya vituo vya msafara. Louisville, ukingoni mwa mto Ohio, hupata ahueni ya baridi mwanzo. Columbus, penye mto Scioto, hufuata. Na Buffalo, kwenye ncha ya Ziwa Erie, aghalabu huwa bado imo katika barafu. Bata hawa hawashindani na majira. Kila maji yanapofunguka na majani ya mashambani yanapojitokeza, nao husogea mbele. Makumi ya maelfu hutua katika hifadhi ya Iroquois, iliyoanzishwa mwaka 1958 baina ya Buffalo na Rochester, wakala na kupumzika, na wengi wao huendelea hadi nchi za baridi za Kanada, kwenye fukwe za Ghuba ya James na Ghuba ya Hudson, kutaga mayai yao.

Qur'ani Tukufu, katika Suratun Nur, aya ya 41, inawataja ndege hali wamekunjua mbawa zao kuwa ni miongoni mwa wanaomsabihi Mola wao, na katika Suratul An'am, aya ya 38, wanaitwa umma mfano wa wanadamu. Na umma hauishi ila kwa mafunzo yanayopokewa mkono kwa mkono.

Jike hulalia mayai yake, ambayo mara nyingi ni 5 au 6, kwa muda wa siku 28 hivi, na dume husimama kulinda. Makinda huweza kuruka baada ya wiki 9 au 10. Lakini uwezo wa kuruka haumtoshi kinda kuijua njia. Huijua kwa kwenda nyuma ya baba na mama: wakati wa vuli huhama pamoja nao, hukaa nao baridi nzima, na baridi ikiisha hurudi nao kule alikozaliwa.

Waama, katika mabustani na viwanja vya miji hiyo hiyo wamo bata wa jinsi hiyo wasiokwenda popote. Zamani wawindaji walifuga bata hai wa kuwavutia wenzao watue, mpaka sheria ya Marekani ilipokataza jambo hilo mwaka 1935, na wengi wa bata hao wakaachwa huru. Tena wale wakubwa zaidi wa jinsi hii walidhaniwa kuwa wametoweka duniani, hadi walipoonekana huko Minnesota mwaka 1962. Majimbo mengi, Ohio likiwa mojawapo, yaliwazalisha na kuwatawanya. Makinda yaliyotokana nao hayakuwa na mzazi aliyewahi kuiona njia, basi yakabaki pale pale yalipowekwa, penye nyasi zilizokatwa vizuri na mkate wa wapita njia. Mwaka 1993 Bill Lishman na Joe Duff waliongoza bata 18 kwa ndege ndogo za injini kutoka Ontario hadi Virginia, na baridi ilipokwisha wengi wao walirudi wenyewe. Kuonyeshwa mara moja kuliwatosha.

Mtume (S.A.W.) amefundisha kwamba kila mtoto huzaliwa juu ya fitra, na wazazi wake ndio wanaomgeuza. Mtoto aliyezaliwa Columbus ana mbawa zile zile alizokuwa nazo babu yake. Haimdhuru kuzaliwa huko, wala haimlazimu kurejea Unguja au Barawa ili awe Muislamu. Khatari iko pale baba anapofanya kazi zamu mbili, mama akachoka, televisheni ikashika nafasi ya mlezi, na mtoto akafikia miaka kumi hajasimama hata mara moja nyuma ya baba yake katika sala.

Elimu ya Ibadhi yenyewe ilisafiri kwa njia ya kufuatana. Katika karne ya pili ya Hijra wanafunzi walikwenda Basra kwa Imamu Abu Ubaida Muslim bin Abi Karima, wakakaa naye, kisha wakaibeba elimu hadi Maghrib na Oman, na kwa hiyo wakaitwa wabebaji wa elimu.

Babu wa Unguja akisali huelekea kaskazini. Mjukuu wake wa Louisville, Columbus au Buffalo huelekea kaskazini mashariki. Mtoto asiyefahamishwa sababu huenda akadhani kwamba mmoja wao amekosea, na hali Kaaba ni ile ile moja.

Bata mzazi amepewa vuli moja na baridi moja tu. Msimu mpya wa kutaga ukifika, huwafukuza watoto wa mwaka uliopita. Binadamu ameongezewa muda, kwani mtoto huamrishwa sala akiwa na miaka saba, na kabla ya hapo huwa ameshaanza kuiga. Asubuhi za Machi, makundi yanapoondoka majini kwenda kula mashambani, baba wengi ndio kwanza wanarejea kutoka zamu ya usiku, na basi la shule halijafika. Ipo hapo robo saa ya kutoka nje na mtoto, kumwonyesha ndege wale na kumsimulia habari zao kwa Kiswahili.